Mvua ndani ya beseni: tengeneza mzunguko wa maji uani kwako

Habari zenu jamani. Leo hatupiki. Leo tunanyesha mvua, tena mvua kweli, tone kwa tone, ndani ya beseni la kufulia. Kama nyumbani una mtoto aliyekariri ule mchoro wa jua, wingu na mishale, mwite akae hapa. Hata mimi niliukariri, nikapata vema, na sikuuelewa hata kidogo.

Vitu ni hivi. Beseni pana, likiwa jeusi au buluu iliyokoza ndiyo bora, linashika joto. Bakuli fupi kuliko beseni, na liwe zito. Nailoni inayoonyesha, ile inayouzwa kwa mita. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Kokoto moja, kubwa kama ndimu. Halafu lita mbili za maji ya bahari. Mimi niko Dar, haya nimeyachota Kunduchi jana jioni. Wewe wa Dodoma au Songea usihangaike: lita moja ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi, kwa hiyo kwenye lita mbili za maji ya bomba tia vijiko vinne vya chakula, vya kusawazisha, umepata bahari yako.

Osha beseni mpaka harufu ya sabuni iishe. Mimina maji, onja kwa ncha ya ulimi, tema. Umeisikia chumvi? Ikumbuke, tutaihitaji baadaye. Sasa tia rangi kidogo, hii nyekundu ya ubuyu. Si lazima, ila watoto wakiiona hawaondoki hapa.

Bakuli weka katikati, tupu. Wiki iliyopita nilitumia bakuli la plastiki, likaelea kama mtumbwi mpaka pembeni, nikafungua jioni halina kitu. Ndiyo maana leo naweka hili la udongo.

Tandaza nailoni juu ya beseni, funga na mpira kuzunguka ukingo, vuta pande zote. Pitisha kidole: ukiona upenyo, mvuke nao utauona na kutoroka. Kisha kokoto juu ya nailoni, usawa wa bakuli, nailoni ibonyee kidogo. Isiguse bakuli, acha nafasi ya kidole kimoja. Hapo pana siri ya kazi yote, kwa sababu matone yatafuata mteremko, na mteremko unaishia juu ya bakuli.

Saa nne asubuhi, peleka juani. Usilifunuefunue kama sufuria ya wali.

Sogeza kamera, mpwa wangu. Baada ya muda mfupi nailoni inapata ukungu kwa ndani, kama kioo cha daladala siku ya mvua. Sasa angalia hapa, karibu na kokoto. Vitone vidogo kama punje za ulezi. Hiki na hiki vimegusana, vimekuwa kimoja. Kimekua, kimekuwa kizito, kinateleza... kimeshika kingine njiani... kimening'inia chini ya kokoto. Subiri. Tii! Kimedondoka.

Jua limepasha maji, yakapanda yakiwa mvuke. Mvuke umekuta nailoni, ambayo haina joto kama la ndani, ukarudi kuwa maji. Matone yakawa mazito, yakaanguka. Kama unaona ni mchezo wa watoto, mwaka 1687 Edmond Halley, yule Mwingereza wa nyota ya mkia, naye alianza na chombo cha maji ya chumvi: akakipima kwenye mizani, akakipasha joto kama la siku ya kiangazi, akakipima tena aone maji kiasi gani yamekwenda hewani. Kutoka hapo akakadiria bahari inapoteza maji mangapi kwa siku.

Tukiwa tunasubiri, fanya na hili. Chukua mfuko wa nailoni unaoonyesha, uingize kwenye tawi la mwembe lenye majani mengi, funga mdomo kwa kamba. Tawi lisiwe na umande. Liache juani, tutarudi.

Beseni la kweli sasa, Bahari ya Hindi. Asilimia 97 ya maji yote ya dunia yako baharini, na jua linayapasha bure kila siku. Mvuke ukipanda, pepo zinausukuma kuja bara, kusi kwa majira yake na kaskazi kwa yake. Ukifika Morogoro unakuta ukuta: milima ya Uluguru, yenye vilele vinavyopita mita 2,600. Hewa inalazimika kupanda, na ikipanda inapoa. Milima ndiyo kokoto yetu. Upande wa mashariki, unaotazama bahari, hunyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mji wa Morogoro uko nyuma ya mlima, haufiki hata 1,000. Mlima ule ule, jamani.

Kutoka huko vijito vinaungana kuwa Mto Ruvu, na maji ya Ruvu, yakishapita kwenye mitambo ya kusafisha maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ndiyo sehemu kubwa ya yale unayokinga bombani Dar. Mengine yamewahiwa njiani na mashamba ya mpunga na ya mboga, na ng'ombe. Yanayobaki yanarudi baharini karibu na Bagamoyo. Mwishoni mwa 2021 vuli ilichelewa, Ruvu ikapungua, mji mzima tukaingia kwenye mgao. Watu walitazama bomba. Mimi nasema tungetazama mlimani.

Na si mawingu tu. Haya, turudi kwenye mwembe, ni saa nane sasa. Umeuona mfuko? Kona ya chini ina maji, kama kijiko cha chai. Hakuna aliyeyatia. Mizizi imeyavuta ardhini, yamepanda kwenye shina, yametokea kwenye vitundu vya majani ambavyo huvioni kwa macho. Hilo ni tawi moja. Piga hesabu ya msitu mzima wa Uluguru unapumua hivyo toka asubuhi, tena majani na mizizi ile ile ndiyo inayoshika mvua isiporomoke na udongo, ikazama chini na kutoka taratibu kwenye chemchemi hata kiangazi. Ukikata miti mlimani, mvua ikija mto unashuka na tope, ikikatika mto unakauka.

Saa tisa, tufungue. Ondoa kokoto kwanza, taratibu, halafu mpira. Inua nailoni moja kwa moja juu, ukiiinamisha matone yatarudi kwenye chumvi na utaanza upya. Usitegemee ndoo. Mimi nimepata kama nusu kikombe cha chai. Lakini tazama rangi: beseni jekundu, bakuli maji meupe. Onja kidogo. Chumvi haipo.

Maji yanapanda peke yake, chumvi hayaondoki nayo. Ndiyo maana mvua ni tamu ingawa imetoka baharini. Wapo na wanaoifanya kazi hii bila nailoni. Ukifika kwenye mikoko, chuma jani la mchu, mmoja wa miti ya mikoko, lilambe: lina chumvi. Mti ule unasimama kwenye maji ya bahari, mizizi yake inazuia chumvi nyingi isiingie, na ile inayopenya unaitema kwa majani. Siku ya jua kali utaiona kwa macho, inang'aa kama sukari ya juu ya maandazi.

Beseni lenyewe usilimwage. Liache wazi juani, usiku uliingize ndani. Hii hapa ni siku ya nne: maji yamekwisha, chini kumebaki ukoko wa chumvi. Kule Bagamoyo mashamba ya chumvi yanafanya hivi hivi, maji ya bahari yanaingizwa kwenye vidimbwi, jua linakunywa, watu wanakwangua. Ya kwetu imetoka ya waridi kwa sababu ya ile rangi ya ubuyu. Mpwa wangu ameikwangua yote, ameiweka kwenye kizibo cha soda, anatafuta embe bichi. Nimemwambia athubutu, na beseni nilikuwa nafulia.