Usiifukuze Treni

Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu, habari za jioni. Nashukuru kwa mwaliko. Nimeambiwa nina nusu saa na kwamba projekta ikiwashwa muda mrefu inapata joto, kwa hiyo nitaongea kwanza, video baadaye.

Naomba tuanze na hesabu. Treni ya abiria ikienda kilomita 90 kwa saa, kila sekunde inameza mita 25. Droni nyingi ndogo za kupigia picha, zile zinazoingia kwenye begi la mgongoni, katika hali ya kawaida ya kurekodi zinakwenda kama mita 15 kwa sekunde. Maana yake kila sekunde treni inakuacha mita 10. Hakuna ujanja hapo. Na bado kila mgeni wa kurekodi treni kwa droni, nami nikiwemo, siku ya kwanza huikimbiza treni kwa nyuma, akarudi nyumbani na video ya behewa la mwisho likizidi kuwa dogo. (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu mnazo video hizo.

Sasa igeuzeni hesabu hiyohiyo. Chukueni treni yenye urefu wa mita 300. Droni ikisimama tuli hewani, treni hiyo inakatiza mbele yake kwa sekunde 12. Droni ikielekea inakotoka treni, vyote viwili vinapishana kwa mita 40 kila sekunde, na shughuli imekwisha kwa sekunde saba na nusu. Mtazamaji hajakaa sawa kitini. Lakini droni ikitangulia, ikaruka sambamba na njia ya reli kuelekea kulekule treni inakokwenda, kwa mita zake 15, treni itaipita kwa tofauti ya mita 10 tu. Hizo ni sekunde 30. Kichwa cha treni kinaingia kwenye picha taratibu, kinapita, halafu mabehewa yanafuatana moja baada ya jingine mpaka unaweza kuhesabu madirisha. Droni ni ileile, treni ni ileile. Wewe tu umeondoka mapema na ukakubali kupitwa.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Mengine yote ni namna ya kulifanya lisikuletee balaa.

Hamu ya kuona kutoka juu ina umri mkubwa kuliko droni. Mwaka 1858 Nadar, mpiga picha Mfaransa, alipanda na kamera yake kwenye puto karibu na Paris. Mwaka 1888 Arthur Batut, Mfaransa mwingine, alifunga kamera kwenye kishada. Mwaka 1906, baada ya tetemeko na moto kuiteketeza San Francisco, mpiga picha Mmarekani George Lawrence alirusha msururu wa vishada vikabeba kamera yenye uzito wa zaidi ya kilo 20 na kupata picha ya mji mzima ukiwa magofu. Ninayempenda mimi ni Julius Neubronner, mfamasia wa Ujerumani, ambaye mwaka 1908 alipewa hataza ya kamera ndogo ya kuvalishwa njiwa kifuani. Njiwa huachiwa mbali, kamera inajipiga yenyewe, na njiwa anarudi bandani kwake bila kuambiwa. Ukibonyeza leo kile kitufe cha kurudi nyumbani kwenye rimoti yako, mkumbuke yule njiwa. Tofauti ni kwamba njiwa alikuwa anaona nyaya.

Nitarudi kwenye nyaya.

Kabla ya droni za rafadha nne kuenea, na nasema kuenea kwa maana ya miaka ile ya 2010 mpaka 2013, zilipotoka AR.Drone ya Parrot na kisha Phantom ya DJI, sisi tulikuwa watu wa ndege za mfano. Yangu ilikuwa ya povu, mabawa mapana, mota nyuma ili rafadha isiingie kwenye picha. Kamera niliifunga kwa mipira miwili na kipande cha sponji. Ndege ya mabawa ina sifa moja ambayo droni haina: inaelea kwa mabawa yake, kwa hiyo betri inadumu, na mwendo wake wa raha unaweza kulingana kabisa na wa treni. Kasoro yake ni kwamba haijui kusimama. Ukipunguza mwendo kupita kiasi mabawa yanaacha kubeba, inadondoka kama jiwe. Kwa hiyo unazunguka, unazunguka, unasubiri treni, na kila mzunguko unakula betri.

Siku moja treni ilichelewa. Dakika 10, 15, 20. Nilikuwa nimesharuka kwa sababu nilidhani nimesikia honi. Nilipoona kichwa cha treni kinachomoza kwenye kona, nilifurahi nikasahau kuangalia saa ya betri. Nikaipata treni, nikaenda nayo bega kwa bega labda kwa sekunde 20, kitu kizuri ambacho sijawahi kukirudia. Kisha mota ikanyamaza. Ndege ikateleza, ikavuka uzio wa reli, ikakaa kwenye nyasi za mteremko wa tuta, mkia juu. Treni ilikuwa imeshapita, namshukuru Mungu.

Sikuruka uzio. Hilo tu ndilo nililolifanya sawasawa siku ile. Nilipiga simu, nikasubiri zaidi ya saa mbili, akaja mzee mmoja wa matengenezo ya njia amevaa kizibao cha rangi ya chungwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akazungumza na watu wake kwenye redio, akaingia, akaichukua ile ndege kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya. Nilitegemea matusi. Badala yake akaniuliza, "Kijana, hiki kina uzito gani?" Nikamwambia kilo moja na robo. Akaipima mkononi, akasema, "Dereva hajui kama ni kilo moja. Yeye anaona kitu kinakuja kwenye kioo chake."

Niliyafikiria maneno hayo njia nzima. Angani hakuna kitu cha kulinganishia ukubwa. Kitu kidogo kilicho karibu na kikubwa kilicho mbali vinafanana. Dereva akishtuka akavuta breki ya dharura, treni iliyo kwenye mwendo mkubwa inaweza kuchukua kilomita nzima au zaidi kusimama, na ndani kuna watu waliosimama na watoto wanaokimbia kwenye korido. Hayo yote kwa ajili ya video yako.

Ndiyo maana siku hizi sirushi juu ya treni. Najua tangazo la mhadhara huu limesema "kutoka juu". Nasimama pembeni, mita 50 au 60 kutoka kwenye reli, juu mita 20 mpaka 30, na kamera imeinama kidogo. Na niwaambie siri: hata kama sheria isingekuwepo, ningekaa hapohapo. Treni ikitazamwa kutoka utosini haina uso. Ni mstari unaotambaa, paa tu na matundu ya hewa. Ukishuka ukakaa pembeni, unapata paa na ubavu kwa pamoja, unapata magurudumu, na jioni unapata kivuli kirefu cha mabehewa kikikimbia juu ya nyasi upande wa pili. Mita 100 juu ni za kuonyesha mandhari, si treni.

Juu kabisa kuna mpaka. Ulaya ni mita 120 kutoka ardhini, Marekani ni futi 400, ambazo ni karibu hizohizo, na kote huko mrushaji wa kawaida anatakiwa aione droni kwa macho yake mwenyewe, si kwenye kioo cha simu tu. Kwenye madaraja marefu hesabu hii inabana. Mfano ni daraja la Landwasser kule Uswisi, matao sita ya mawe, kimo chake karibu mita 65, njia imepinda juu yake kwa nusu kipenyo cha mita 100 kisha inaingia moja kwa moja kwenye handaki ubavuni mwa jabali. Ukiwa juu ya bonde, treni peke yake imeshakula zaidi ya nusu ya kimo unachoruhusiwa. Na reli ina mwenyewe. Kila nchi ina masharti yake ya umbali kutoka kwenye njia, vituo na mitambo ya reli. Yasomeni kabla ya kuchaji betri, na mwombeni ruhusa mwenye ardhi mtakaporukia.

Sasa nyaya. Njia nyingi za umeme zina waya juu ya reli, mita tano na nusu hivi kutoka kwenye vyuma, na mfumo ulioenea sana ni wa volti 25,000. Umeme wa nguvu hiyo hausubiri uguswe, unaweza kuruka hewani. Droni ikinasa kwenye waya au nguzo, si yako tena mpaka watu wa reli wakuletee. Na msivitegemee vile vihisi vya kukwepa vizuizi. Vinaona ukuta, vinaona mti wenye majani; waya mwembamba mbele ya anga nyeupe vinaweza visiuone kabisa. Hapo ndipo kitufe cha kurudi nyumbani kinapowaponza watu. Mawasiliano yakikatika, droni inapanda hadi kimo ulichokiweka, halafu inakuja kwako kwa mstari ulionyooka. Ukiwa umeacha kimo cha chini, na umerukia upande mmoja ukapiga picha upande mwingine, huo mstari ulionyooka unapita palepale kwenye nguzo. Mimi hubaki upande mmoja wa reli tangu kuruka mpaka kutua. Na ile dira ya droni msiisawazishe mkiwa mmesimama karibu na reli au juu ya daraja la chuma. Chuma kinaipotosha, na droni iliyopotoshwa inaanza kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

Wapenzi wa garimoshi la mvuke, nawajua mko watatu pale mbele. Moshi ule mnaoupenda ni nguzo ya hewa ya moto na maji. Ukiingia ndani yake droni inarushwa juu, lenzi inapata ukungu, na masizi yanabaki. Kaeni upande upepo unakotoka. Mtapata moshi ukiondoka kwenye kamera badala ya kuijia.

Kuhusu mipangilio ya kamera sitasema mengi. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, iwe karibu na sehemu moja ya 50 ya sekunde, na kama jua ni kali weka kichujio cheusi mbele ya lenzi. Shata ikiwa ya kasi mno kila taruma la reli linaonekana kama limekatwa kwa wembe na macho yanachoka.

Sauti ndiyo inayosahaulika. Droni haina sauti ya treni, ina sauti ya nyuki. Kwa hiyo mtu wa pili anabaki chini, nje ya uzio, na kinasa sauti kilichovalishwa kofia ya manyoya kuzuia upepo. Mtu wa tatu, ukimpata, anakaa kilomita tano nyuma ya njia na simu. Treni ikimpita anapiga. Kwa mwendo wa kilomita 90 nina dakika tatu na sekunde 20: naruka, napanda, nageuza kamera, naanza kwenda mbele polepole. Betri inatumika dakika saba, na treni ichelewe itakavyo.

Haya, nizimieni taa ya mbele. Hii ni sekunde 34, treni ya mizigo, asubuhi, sauti imenaswa chini. Mwanzoni hamtaona kitu ila reli na ukungu. Msinong'one, kichwa kinaingia kutoka kushoto. Na pale chini kwenye kona, mara tu behewa la kwanza linapotokea, kuna kidoa cheusi kinatembea kwenye nyasi. Hicho ni kivuli cha droni yangu. Nilisahau jua lilikuwa mgongoni kwangu.