Bewdley: Reli Iliyorudishwa na Raia

Ndugu mwenyekiti, asante. Wengi hapa mmeshanisikia nikilalamika kwamba tukitaja urithi, akili zetu hukimbilia wizarani. Leo nitalalamika kwa mfano wa ugenini, labda utaingia.

Bewdley ni mji mdogo kando ya Mto Severn, Uingereza. Mwaka 1963 treni za abiria za kutoka hapo kwenda Shrewsbury zilisimamishwa. Hazilipi, wakaambiwa. Mwaka 1965 raia wa maeneo yale wakaunda chama, si cha kuandika barua za kulalamika, bali cha kuendesha treni wenyewe! Mnacheka. Hata wao walichekwa, nina hakika. Mwaka 1970 treni yao ya mvuke ilitoka mji wa Bridgnorth, kwenye njia hiyo hiyo, hadi kituo cha Hampton Loade. Mwaka 1974 ikafika Bewdley, na 1984 ikafika mji wa Kidderminster. Njia nzima, toka Bridgnorth, kilomita kama 26.

Sasa nisikilizeni vizuri. Waajiriwa wapo, ila sehemu kubwa ya kazi hufanywa na watu wa kujitolea. Na kujitolea kwenyewe si kuvaa fulana na kupiga picha. Ukitaka kuwa dereva, unaanzia kusugua injini, masizi hadi puani. Kisha unafundishwa kutia makaa, unapimwa, unapimwa tena. Miaka inapita kabla hujakabidhiwa injini. Mwalimu mstaafu anaamrishwa na kijana, na anatii, maana kijana ndiye anayeijua kazi.

Najua mzee wa pale nyuma atasema: "Wale wana pesa." Kila mara lazima aseme mtu! Juni 2007 mvua ilibomoa matuta ya reli sehemu nyingi, na njia nzima ikafunguliwa tena Machi 2008. Ruzuku zilitolewa, sikatai. Lakini ziliwakuta watu tayari wamo kazini. Sisi tunaunda kamati ya kungojea ruzuku.

Nilitaka kuzungumzia mafuriko, maana ukuta wa Bewdley wa kuzuia maji, ambao vipande vyake huunganishwa mto unapopanda na kuondolewa maji yakishuka, ni somo zima. Ulijengwa upande mmoja wa mto. Upande wa pili, Beales Corner, Februari 2020 maji yaliingia majumbani. Kuna pia makumbusho kwenye soko la zamani la wauza nyama, na daraja la mhandisi Thomas Telford la 1798. Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali, na tafadhali yawe maswali, hotuba nimeshatoa mimi.