Breni ya Kupimia na Jiometria ya Vipimo Vilivyokunjwa

Ndugu wanazuoni, nanyi wanafunzi wetu,

Nadharia ya nyuzi, inayoziona chembe za msingi kuwa nyuzi ndogo mno zinazotetemeka, inadai kwamba ulimwengu una vipimo kumi, na kwamba vile tusivyovihisi vimekunjwa. Umbo la mahali palipokunjwa tutalijuaje? Njia ninayoitetea leo ni kushusha humo breni moja, yaani utando ambao ncha za nyuzi hushikamana nao, kama nahodha anavyoshusha bildi, kisha kuisoma nadharia ya uga (hesabu ya chembe na nguvu zake) iliyo juu yake. Kwa kuwa mahali breni ilipo si kitu kingine ila thamani ya uga mmojawapo wa nadharia hiyo.

Mfano ulio safi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa mwaka 1996. Mwanafizikia Ashoke Sen alichunguza bapa la orientifoldi, yaani uso ulio kama kioo ambapo nafasi huakisiwa na uelekeo wa nyuzi hugeuzwa, lenye breni nne za D7 (breni zenye vipimo saba vya nafasi) kando yake. Breni hizo zikisogezwa mbali na bapa, hesabu ya kawaida hutoa, karibu na bapa lenyewe, mraba wa nguvu ya mwingiliano ulio hasi, jambo lisilowezekana kabisa. Sen alitambua kwamba hesabu inayoponya kasoro hiyo ni ileile ambayo Nathan Seiberg na Edward Witten walikuwa wameiandika mwaka 1994 kwa nadharia ya geji ya SU(2), yaani nadharia ya uga ambayo nguvu zake hutokana na simetria iitwayo SU(2), yenye aina nne za kwaki (chembe zinazohisi nguvu hizo). Muda mfupi baadaye Tom Banks, Michael Douglas na Seiberg walieleza sababu: ukiweka hapo breni ya D3, yenye vipimo vitatu vya nafasi, nadharia iliyo juu yake ni hiyo hiyo ya SU(2), kila kwaki ni uzi uliotandwa kati ya D3 na D7, na masi yake hukua kadiri breni hizo zinavyoachana.

Hapa ndipo ninapowaomba mtulie. Katika nadharia ya SU(2), athari za kwanta huigawa nukta moja ya kitovu, pale thamani ya uga ni sifuri, kuwa mbili, moja ya monopoli ya sumaku (chembe yenye ncha moja tu ya sumaku) na nyingine ya dayoni (chembe yenye chaji ya umeme na ya sumaku pamoja). Kwa hiyo bapa la orientifoldi nalo hugawanyika kuwa breni mbili za vipimo saba. Jiometria imesahihishwa na uga.

Mwelekeo wa kinyume nao upo. Breni za vipimo saba zikikusanyika hadi kuzaa simetria kubwa ziitwazo E6, E7 au E8, nadharia iliyo juu ya D3 haina mwingiliano dhaifu popote pa kuanzia hesabu, na hapo jiometria ndiyo inayotufundisha uga.