Mguu Usiosikia Huangaliwa kwa Macho

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi mama zangu mliokuja na watoto, habari za asubuhi.

Naanza na mbegu ya ubuyu. Mzee mmoja alikuja kliniki yetu ya kisukari kuchukua dawa tu, suruali imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Nikamwomba avue kiatu cha kulia. Mbegu ya ubuyu ikadondoka sakafuni, na soksi ilikuwa imelowa damu chini ya kidole gumba. Mjukuu alikuwa akila ubuyu kibarazani, penye viatu, na babu alitembea na mbegu ile tangu alfajiri. Akaitazama, akaniuliza, "Hiyo imetoka kwangu?" Hakusikia kitu.

Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na huanzia mbali kabisa, kwenye vidole vya miguu. Mwanzoni mtu hulalamika nyayo zinawaka moto usiku, au anahisi anakanyaga sufi. Baadaye moto unazimika, mtu anashukuru kwamba amepona. Hapo ndipo mimi ninapoingiwa na hofu, maana huenda mguu sasa umekufa ganzi. Ukichomwa na msumari haukuambii. Na kwa kuwa sukari hubana pia mishipa ya damu, kidonda kinachopatikana hapo hakifungi upesi.

Madaktari wa Dar es Salaam wameandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya wakiwa usingizini. Tumezoea kusema panya huuma huku akipuliza. Kwa mguu wenye ganzi, hana haja ya kupuliza. Kwa hiyo nawasihi: osheni miguu kabla ya kulala, harufu ya chakula isibaki vidoleni, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Kila jioni mguu uangaliwe. Juu, kisigino, unyayo, na kila nafasi kati ya vidole. Mgongo haukunjiki? Weka kioo sakafuni, au mwite mjukuu mwenye macho mazuri. Ninyi mnaotawadha mna nafasi mara tano kwa siku, ila naomba nyongeza moja: ukimaliza, kausha kati ya vidole kwa kitambaa, kwa sababu unyevu ule ndio unaoleta fangasi na michubuko. Mafuta ya nazi pakeni unyayoni na kisiginoni. Kati ya vidole msipake.

Lingine linaloniuma ni maji ya moto. Bibi anahisi miguu imepoa, binti yake kwa mapenzi mema anamkanda, na ngozi inababuka bila yeyote kujua. Maji yapimwe kwa kiwiko, tena kiwiko cha mtu asiye na ganzi. Na sugu zisikatwe kwa wembe. Njooni tuzipunguze sisi. Ukiona lengelenge, weusi, usaha au harufu, njoo siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Na angalau mara moja kwa mwaka dai tukuguse nyayo kwa ule uzi wa plastiki unaopinda ukikandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Unafumba macho, nakugusa, unaniambia kama umesikia. Ni dakika chache, na sina haki ya kukwambia nina foleni.

Sasa watoto. Matege kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa kawaida hujinyoosha yenyewe. Mlete kama yanazidi, au kama ni mguu mmoja tu. Kiatu cha shule kinunuliwe jioni, mtoto akiwa amesimama, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako. Najua tunanunua kikubwa kidumu miaka miwili. Lakini mguu unaoogelea kiatuni huchubuka kama ule uliobanwa.

Nataka kukaa zaidi kwenye mguu kifundo, yule mtoto anayezaliwa unyayo umegeukia ndani. Mama huyu huambiwa alimcheka mlemavu akiwa mjamzito. Si kweli, na maneno hayo humfanya amfunike mtoto kanga badala ya kumleta. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, aliacha njia ambayo leo inafuatwa hadi hapa Tanzania: mguu unanyooshwa taratibu kwa mikono na kufungwa hogo, yaani plasta ngumu, linabadilishwa kila wiki, mara tano au sita hivi. Wengi hukatwa kano ya kisigino kupitia tundu dogo, kisha hogo la mwisho la wiki tatu. Baada ya hapo ni viatu vilivyounganishwa na kipande cha chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu hadi miaka minne au mitano.

Hapo kwenye viatu ndipo tunapowapoteza. Mguu umenyooka, mtoto analia usiku, bibi anasema mvueni apumzike, na mguu unarudi ulikotoka. Bibi zangu mlio hapa, ninyi ndio mnaosikilizwa nyumbani. Mwambieni avalishwe.

Sasa tuvue viatu. Kioo ninacho. Bibi uliye karibu na dirisha, naomba tuanze na wewe. Mjukuu wako atakushikia kioo.