Shildi ya Kulehemu au ya Bredibodi? Swali Kutoka Mbale

DADA: Karibuni tena jamani, tuko Kampala, mvua inapiga mabati hapa kwa hiyo mkisikia kelele ndiyo hiyo. Msikilizaji wetu wa Mbale anatengeneza mashine ya kuangulia vifaranga kwa Arduino Uno, kile kibao kidogo cha kompyuta, kila kitu kiko kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa kuchomeka waya bila kulehemu, anauliza anunue shildi gani, yaani bodi ya kupachika juu ya Uno, waya ziache kuchomoka.

KAKA: Huyo namwelewa kabisa. Bredibodi ukiiacha mezani haina neno, ila panda nayo boda kutoka Ntinda mpaka mjini uone, ukifika waya zinaning'inia, na inayokutesa si ile iliyochomoka maana hiyo unaiona, ni ile inayogusa na kuachia, unahangaika na kodi, yaani maagizo ya programu, usiku kucha kumbe kodi haina shida.

DADA: Sasa si akate tu verobodi ya kawaida, ile bodi tupu ya matundu ya kulehemu, alehemu pini, aibandike juu ya Uno? Bei yake ndogo.

KAKA: Aa dada, hapo ndipo wengi hukwama. Itazame Uno upande wa pini za dijitali, kati ya 7 na 8 kuna kamwanya. Pini zingine zimeachana milimita 2.54, pale ni kama 4, na matundu ya verobodi yamepangwa sawa mwanzo mwisho, kwa hiyo 0 mpaka 7 zikiingia, 8 mpaka 13 zinagoma. Ndo maana unalipia shildi, imetobolewa kufuata ule mwanya.

DADA: Na ziko za aina aina.

KAKA: Kuna yenye kibredibodi cha matundu 170 juu yake, hiyo haimfai, waya zitachomoka vilevile. Achukue ya kulehemu, yenye njia za umeme wa 5V na GND, yaani ardhi, zimepita katikati ya matundu, hiyo inaokoa waya kibao. Akiona ya zamani haina zile pini za SDA na SCL, za kuongea na baadhi ya sensa, karibu na pini ya AREF asiogope, kwenye Uno ni zilezile pini A4 na A5. Halafu lile boksi la chuma la USB, abandike utepe wa umeme juu yake kabla hajashindilia shildi, miguu iliyolehemiwa ikigusa pale ni shoti.

DADA: Wenye Pico je, kile kibao cha Raspberry Pi?

KAKA: Hao wamebarikiwa bana, pini 40 zote zimepangwa 2.54, verobodi yoyote inakubali. Wakumbuke tu Pico ni 3.3V, sensa inayorudisha 5V wasiichomeke moja kwa moja.

DADA: Huyu ana taa za joto za umeme wa nyumbani pia.

KAKA: Ehe, hilo ndilo kubwa! 240V isikanyage kabisa kwenye hiyo shildi, matundu yamebanana mno. Anunue moduli ya rilei, swichi inayowashwa na Uno, yenye skrubu zake, aiweke kwenye boksi lake la plastiki, kwenye shildi zije waya tatu tu, 5V, GND na ya kuamrisha. Sensa ya joto ndiyo aiweke karibu na mayai, maana anatafuta nyuzi 37.5 pale yalipo mayai.

DADA: Ngoja, ametuma picha... he! Rilei ameibandika na selotepu ndani, juu kabisa ya trei ya mayai.

KAKA: Aitoe leo leo, ssebo! Na kabla hajagusa achomoe plagi ukutani, mle ndani kuna maji ya kuleta unyevu.