Drosera haifi njaa, inafia maji yako

Mmekaa wote? Haya. Wale waliokuja kuona mmea unaokula mtu wanaweza kuondoka sasa hivi wawahi foleni, maana chenyewe ndo hiki hapa mezani, kinaenea kwenye kiganja. Hii ni Drosera capensis, asili yake kule Rasi, Afrika Kusini. Mi nauita mmea wa umande kwa ajili ya haya matone yanayometameta, ila msidanganyike, huo si umande, huo ni ulimbo. Mliokua shamba mnakumbuka tulivyokuwa tunategea ndege, basi ni mambo yaleyale, mdudu anatua akidhani kapata utamu, ndo basi tena, na jani linamkunja taratibu kama mtu anayekunja mkeka.

Mambo ya kumeng'enya mdudu siyarudii, video ziko kwenye simu zenu. Nimekuja kusema neno moja, na wanaonijua wameshalichoka. Maji. Kila anayekuja kwangu anauliza "unailisha nini?" Miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyeniuliza "unainywesha nini?"

Ngoja niwape kisa cha mama mkwe, na yule dada anayecheka pale nyuma ameshakisikia, anivumilie.

Mwaka juzi nilikuwa na vikopo sita dirishani sebuleni, vyekunduuu, vimejaa matone. Mama mkwe akaja kututembelea kutoka Tanga. Mama ana mkono wa maua yule, kwake asumini na mkilua vinaota vyenyewe tu. Mi nikapata safari ya kikazi Dodoma, siku 11. Nikamwambia mama, naomba uniangalizie hivi vimea, sahani ya chini isikauke, maji yake yako kwenye lile dumu la bluu. Akasema haya baba, nenda, usiwe na shaka.

Siku ya pili dada wa kazi akachukua dumu la bluu akapigia deki. Simlaumu, dumu ni dumu. Mama akaanza kumwagilia ya kisima, na mnajua visima vyetu vya Dar, ukiosha kichwa sabuni haitoi povu. Baada ya siku kadhaa matone yakaanza kupotea, majani makavu, hayanati. Mama akatazama, akakata shauri: hivi vina njaa. Si vinakula nyama? Akavipa dagaa. Dagaa mzima mzima jamani, kichwa na mkia, kwenye jani jembamba kama njiti ya kiberiti! Vikazidi kunyong'onyea, akavitilia na samadi kidogo.

Narudi nakuta vyote vya kahawia, sebule inanuka kama soko la samaki la Feri, dagaa wameota ukungu. Mama amekaa kwenye kochi kwa huzuni kabisa, ananiambia, "Baba, vimekataa kula."

Ungesema nini? Mama mkwe. Nikasema poleni na kazi mama.

Sasa sikilizeni, hapa ndo penyewe. Mi mwenyewe nilitaka kuwasingizia dagaa. Lakini kulikuwa na kikopo cha saba, kiko dirisha la chooni, mama hakukiona kabisa, hakikuonja dagaa wala samadi. Dada wa kazi ndo alikuwa anakitilia maji akipita, ya kisima hayohayo. Nacho kikafa, kilichelewa wiki tatu tu. Kwa hiyo muuaji mnamjua.

Sababu ni kwamba huu ni mmea wa ardhi ya majimaji iliyo fukara, asidi nyingi, chumvichumvi karibu hamna. Mizizi yake imezoea kunywa maji matupu, chakula kinatoka juu kwenye majani, ndo maana ikajifunza kuwinda. Ukiipa maji yenye chumvi na chokaa, yale maji yanakauka, chumvi inabaki kwenye udongo, kesho unaongeza nyingine, keshokutwa nyingine. Kachungulie birika lako la chai, ule utando mweupe kule chini, sasa fikiria huo ndo mzizi umekalia.

Najua mtu atasema mi nayachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi inabaki palepale, tena maji yamepungua kwa mvuke kwa hiyo umeikoleza! Mwingine atasema nanunua ya chupa. Soma lebo, madini yameorodheshwa pale, hayo ni mazuri kwako wewe. Mwingine, mbona jirani yangu anatumia ya bomba na wake mzima? Inategemea bomba lenyewe la wapi, na amemwagilia kwa muda gani, mwulize tena baada ya miezi sita. Kuna kile kipimo kinaitwa TDS mita, kinapima chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, unachovya unasoma namba. Chini ya 50 uko salama.

Maji yake ni ya mvua. Masika unakinga, vuli unakinga, uache mvua ya mwanzo ioshe vumbi la bati kwanza, unaweka kwenye dumu lenye mfuniko na unaliandika kwa maka SI YA DEKI. Yakiisha, kuna yanayodondoka kwenye AC, yale karibu ni sawa na ya mvua, osha bomba lake tu. Na yako maji ya betri, yale yaliyosafishwa ya kuongezea, ila tafadhali sana, duka hilohilo linauza na asidi ya betri na chupa zinafanana kama mapacha, soma mara mbili.

Turudi kwenye chakula maana naona nyuso zenu. Hapana, sijasema isile. Charles Darwin mwenyewe, yule mwanasayansi wa Uingereza, aliandika kitabu kizima cha mimea inayokula wadudu, 1875, na drosera ndo imejaa humo, halafu mwanawe Francis akafanya jaribio, matokeo yakatoka 1878, kundi moja akalipa vipande vidogo sana vya nyama iliyookwa, ndiyo, nyama choma, lingine akalinyima. Iliyolishwa ilizaa mbegu nyingi zaidi. Lakini isiyolishwa haikufa! Hiyo ndo hoja yangu. Na kwako itajipatia yenyewe, vile vijidudu vinavyozungukia ndizi mbivu vinatosha.

Mbu? Nilijua tu. Hapana, haimalizi mbu, chandarua kibaki palepale. Tena kuna hatari kinyume chake, kikopo kinakaa kwenye sahani yenye maji sentimita moja mbili hivi, na maji yaliyotulia ndani ya nyumba ndo nyumbani kwa mbu wa dengi. Tulioumwa 2014 na 2019 hatuhitaji kuelezwa. Kila siku tatu mwaga, sugua sahani, weka mapya.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sawa, haraka haraka.

Udongo: piti (mboji ya kinamasi) na pealaiti (vile vipunje vyeupe vyepesi vya mawe), nusu kwa nusu, hakuna mbolea, hakuna samadi, mama mkwe samahani. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanafaa kama huna piti, ila loweka na kukamua kwa maji ya mvua mara nyingi, mengi yamefukiwa baharini yakawa usumba, chumvi tupu. Mchanga wa ufukweni usiuguse.

Mwanga: mwingi. Jua la asubuhi dirishani, au taa nyeupe ya LED karibu kabisa saa 14 kwa siku. Jani la kijani lisilo na matone linalia gizani, halina njaa. Upepo wa AC usiupulize moja kwa moja, unakausha ulimbo.

Vidukari: zamisha kikopo chote kwenye maji ya mvua siku nzima, watakufa wao.

Nilitaka kusema na habari za zetu, Drosera madagascariensis ipo mwituni Tanzania na Uganda, msiende kuzing'oa, ila hiyo ni mada ya siku nyingine.

Kwenye lile bakuli kuna majani niliyoyakata asubuhi. Ukifika nyumbani liweke kwenye maji ya mvua, chombo kisafi, penye mwanga, usiliguse, mwezi mmoja hadi miwili utaona vitoto vinachipua kwenye jani lenyewe. Jani moja kwa mtu mmoja. Na kaka uliyeshika chupa uliyojaza bombani hapo nje, nimekuona tangu mwanzo, kaimwage kwanza ndo uje kupanga foleni.