Bahasha za Mwezi wa Nne: Shule za Louisville Wakati wa Majira ya Kuchipua

Shikamooni wazazi wangu, na ninyi wenzangu, hamjambo. Leo ninazungumza nanyi nikiwa ndani ya gari, kwenye foleni ya wazazi mbele ya shule ya mwanangu wa pili na mdogo wake wa mwisho, hapa Louisville katika jimbo la Kentucky, na kengele ya kutoka italia baada ya dakika ishirini na kitu. Ile miti mnayoiona nyuma yangu, iliyojaa maua ya waridi kabla ya kutoa hata jani moja, ndiyo inayotutangazia kila mwaka kwamba baridi imekwisha na kwamba mwaka wa shule, ambao hapa huanza mwezi wa nane, umebakiza wiki chache tu.

Mtazamaji mmoja wa Muheza aliniuliza kama watoto wa huku wanasoma kweli au kila siku ni michezo na sherehe. Swali lake limekuja kwa wakati wake, kwa sababu mgeni akiingia shuleni mwezi wa nne ataona sherehe nyingi kuliko masomo, na anaweza kuondoka asijue kwamba mambo mazito ya mwaka mzima huamuliwa katika wiki hizihizi, kwa karatasi zinazofika nyumbani ndani ya begi la mtoto.

Kwanza niwaeleze wilaya ya shule ni kitu gani, maana nyumbani tukisema wilaya tunamfikiria mkuu wa wilaya na ofisi yake. Hapa wilaya ya shule ni mamlaka inayojitegemea, yenye bodi yake, bajeti yake na kodi yake inayotozwa juu ya nyumba na ardhi. Yetu inaitwa Jefferson County Public Schools, ina wanafunzi zaidi ya 90,000, na bodi yake ina wajumbe 7 wanaochaguliwa kwa kura, kila mmoja kutoka eneo lake. Kwa hiyo mzazi akiwa na malalamiko juu ya shule hana haja ya kumtafuta waziri, kwa kuwa mtu anayehusika anakaa mitaa michache kutoka kwake na amewahi kumwomba kura.

Nikianza na sherehe, ambazo sitazikana, mji huu una mashindano ya farasi yaitwayo Kentucky Derby, ambayo yamekuwa yakifanyika katika uwanja wa Churchill Downs tangu mwaka 1875, na hufanyika Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano. Siku moja kabla yake, Ijumaa, huwa kuna mbio za farasi majike wa miaka mitatu, na siku hiyo shule zetu za umma hufungwa. Nilipomweleza mama yangu kule Tanga kwamba wajukuu zake wamepewa likizo kwa sababu ya farasi, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama farasi huyo amekufa. Wiki hizi watoto wa madarasa ya chini wanatengeneza farasi wa maboksi na kofia za karatasi zenye maua, na mwanangu wa mwisho amenimalizia gundi yote ya nyumbani.

Sasa nije kwenye bahasha. Mwanangu wa pili aliletwa hapa akiwa na miaka saba, akijua Kiswahili tu na salamu mbili tatu za Kiingereza, hivyo akaingizwa katika kundi la wanafunzi wanaojifunza lugha. Watoto wa kundi hili hufanya kila mwaka, baada ya Krismasi, mtihani uitwao ACCESS, unaopima kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na majibu huja shule zinapokaribia kufungwa. Alama zinaanzia 1 hadi 6, na katika jimbo hili mtoto anahitaji jumla ya 4.5 ili aondolewe kwenye kundi. Mwaka jana wangu alipata 4.4. Nilikasirika, nikaona ameonewa, kwa kuwa mtoto huyu anaongea Kiingereza usingizini na ananisahihisha mimi mbele ya watu dukani.

Mwalimu wake wa lugha aliniketisha akanionyesha hesabu, nami nikajua kwamba kusoma kunabeba asilimia 35 ya jumla na kuandika asilimia 35, ilhali kusikiliza na kuzungumza vinabeba asilimia 15 kila kimoja. Mtoto wangu alikuwa hodari kwa masikio na ulimi, lakini kalamu yake ilikuwa nyuma. Tangu siku hiyo kila jioni anaandika nusu ukurasa juu ya jambo lolote analotaka, na juzi ameandika malalamiko dhidi ya ugali. Tunasubiri bahasha ya mwaka huu, na nimeacha kuiona kama hukumu, kwa sababu kubaki katika kundi hilo kuna maana ya kuendelea kupewa msaada wa mwalimu.

Hapa ndipo ninapoiona tofauti kubwa na kwetu. Sisi tuliosoma Tanzania tunaujua usingizi wa mtoto wa darasa la saba, ambaye siku chache za mtihani zitaamua kama ataendelea na sekondari na ni sekondari gani. Hapa mtihani wa jimbo hufanyika katika siku 14 za mwisho za masomo, kuanzia darasa la tatu, na majibu yake hutolewa msimu wa mapukutiko, wakati mtoto amekwishaanza darasa linalofuata. Mtihani huo unaipima shule zaidi ya unavyompima mtoto. Siwezi kusema ni bora kabisa, maana nimewaona watoto wakiupuuza kwa kuwa hauwatishi, lakini ninawaona pia wakilala usiku.

Wakati huohuo wilaya inaandikisha watoto wa chekechea. Sheria ya Kentucky inataka mtoto awe ametimiza miaka mitano kabla au ifikapo tarehe 1 mwezi wa nane, na mzazi apeleke uthibitisho wa tarehe ya kuzaliwa, cheti cha chanjo, fomu ya uchunguzi wa afya, na baadaye vipimo vya macho na meno. Jirani yangu, mama Mkongo mwenyeji wa Uvira aliyekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, alikuja kwangu na barua ya wilaya iliyoandikwa kwa Kiswahili, akaniambia, “Dada, hii Kiswahili ni ya kwenu Tanzania, yetu iko ingine.” Tukakaa jikoni tukaisoma mstari kwa mstari. Mahudhurio nikamwambia ni kufika shuleni kila siku bila kukosa, na uthibitisho wa makazi nikamwambia ni karatasi inayoonyesha unakaa wapi, kama mkataba wa nyumba. Alipomaliza yote aliniuliza swali lililokuwa limemkalia moyoni tangu mwanzo, yaani minervali, ndivyo Wakongo wanavyoiita karo, inalipwa wapi. Nilimjibu kwamba hakuna minervali, na hakuniamini mpaka alipoliuliza dirisha la ofisi mwenyewe.

Ni kweli, karo hakuna. Lakini hili la bure lina kazi yake, nayo ni karatasi. Mwanawe mkubwa, kama watoto wengi waliopitia kambini, aliandikiwa kuwa amezaliwa tarehe 1 mwezi wa kwanza, na kila fomu lazima irudie tarehe hiyohiyo, hata kama mama mwenyewe anakumbuka vizuri kwamba mtoto alizaliwa wakati wa mavuno.

Kwa mwenye mtoto wa sekondari kuna jambo moja ambalo mimi nilichelewa kulijua kwa uzembe wangu, kwa kuwa barua yake niliiweka juu ya friji nikaisahau. Jimbo lina mfuko wa udhamini uitwao KEES, unaotokana na fedha za bahati nasibu. Mwanafunzi anayestahiki, akifikisha wastani wa alama 2.5 katika mwaka mmoja wa sekondari, anawekewa dola 125, na akipata 4.0 anawekewa dola 500, na kiasi alichokusanya kwa miaka minne ndicho atakachokuwa akipewa kila mwaka chuoni, ndani ya Kentucky, iwapo alama zake za chuo zitabaki nzuri. Maana yake ni kwamba mwaka wa kwanza wa sekondari, ambao vijana wengi huuchukulia kama wa kuzoea mazingira, una bei. Baba mmoja msikitini aliniuliza kama fedha za bahati nasibu ni halali, nikamwelekeza kwa shehe.

Mtauliza pia kwa nini niko kwenye foleni hii wakati Marekani inasifika kwa mabasi ya manjano. Mabasi yapo, lakini madereva ni wachache. Mwezi wa nane mwaka 2023, siku ya kwanza ya masomo, watoto wa mwisho walifika nyumbani karibu saa nne usiku, na mwezi wa nne mwaka 2024 bodi ilipiga kura ya kuondoa usafiri kwa wanafunzi wengi wa shule za michepuo maalumu. Mimi ninafanya kazi zamu ya usiku ya kupanga vifurushi, kwa hiyo saa ninayopaswa kulala ndiyo saa ninayorekodi video hizi. Na bajeti ndiyo mjadala wa majira haya, kwa sababu mwaka 2025 wilaya ilitangaza upungufu wa takriban dola milioni 188, na sheria inaitaka bodi ipitishe bajeti ya awali kabla mwezi wa tano haujaisha.

Lakini karatasi iliyonifanya niwashe kamera leo ni ndogo kuliko zote. Ni fomu ya kumpendekeza mzazi kugombea nafasi katika baraza la shule. Mwaka 1989 Mahakama Kuu Kabisa ya Kentucky ilitamka kwamba mfumo mzima wa elimu ya jimbo ulikuwa unakiuka katiba, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria iliyoanzisha mabaraza haya, ambayo kwa kawaida huwa na walimu watatu, wazazi wawili na mwalimu mkuu. Walimu wanawachagua walimu wenzao, nasi wazazi tunawachagua wazazi wenzetu, kwa mwaka mmoja, na mimi ambaye siwezi kumpigia kura rais wa nchi hii ninaweza kupiga kura hiyo na hata kugombea. Madaraka yake yamepungua tangu mwaka 2022, pale bunge la jimbo lilipomkabidhi msimamizi mkuu wa wilaya uteuzi wa mwalimu mkuu, akishauriana tu na baraza. Hata hivyo ratiba ya siku ya shule na namna walimu wanavyopangwa bado hupita mezani pao.

Mwaka jana waliojitokeza kupiga kura katika shule hii walikuwa wachache kiasi kwamba wale akina mama sita wa Kikongo ninaowachukua kwenye gari langu kwenda sokoni wangeweza kuleta tofauti. Hatukwenda, kwa sababu nyumbani tulizoea kwamba kamati ya shule ni ya wazee na ya wanaosema sana. Mwaka huu nimeijaza fomu, jina langu limo, na ombi langu nimeliandika kwa mkono: mikutano iwe na mkalimani wa Kiswahili, nayo isifanyike saa nane mchana wakati nusu yetu tuko kazini na nusu tumelala. Jirani yangu ameniuliza tutapiga kura kwa Kiswahili cha wapi.

Naona milango imefunguliwa na aliye nyuma yangu ananipigia honi. Yule anayekuja na mkia wa farasi wa boksi mkononi, bila farasi mwenyewe, ndiye mwanangu wa mwisho.